Moto ndani ya manowari: sifa anapewa mshika nozeli, meli inaokolewa na walio nyuma yake

Mzee wa Ngama (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Kila moto wa melini ukizungumzwa, sifa zote anabeba aliyeshika nozeli, ile ncha ya mpira wa kurushia maji. Picha ni yake, nishani ni yake, na akistaafu hadithi ni yake. Nimetumikia manowari ujana wangu wote. Nimeshika nozeli, nimekaa pia nyuma ya nozeli, na nina ubishi na hadithi hizo. Manowari nyingi zilizoteketea hazikukosa mtu jasiri wa kwenda mbele. Ziliponzwa na mlango ulioachwa wazi, feni iliyowashwa wakati mbaya, bomba kuu la maji lililopasuka, au maji ya kuzimia moto ambayo hakuna aliyefikiria yatatokaje.

Nitasimulia, mwenye swali aulize. Jina la meli na nchi naviacha pembeni, msiniulize inbox.

Kwanza mjue manowari ilivyo ndani. Ni vyumba vya chuma vilivyobanana, juu chuma, chini chuma, na katikati yake kuna mafuta, baruti, nyaya za umeme zinazopita kila ukuta, na watu wanaolala pembeni ya vyote hivyo. Nyumba ikiungua unatoka nje unasubiri zimamoto. Baharini zimamoto ni wewe, na nje ni maji. Kwa hiyo kila aliyemo anafundishwa kuzima moto: mpishi, karani, tabibu, rubani wa helikopta. Hakuna abiria.

Moto mkubwa kuliko yote niliyokutana nayo ulianzia chumba cha injini. Bomba dogo la dizeli lilikuwa limelegea kwenye maungio yake, na kwa kuwa ndani mna presha, mafuta hayakudondoka, yalitoka ukungu. Dizeli iliyotulia kwenye ndoo ni mbishi kuwaka. Mpaka uipashe kupita nyuzi 60 hivi ndipo itoe mvuke wa kutosha kushika moto. Ikiwa ukungu, haihitaji kubembelezwa. Ukungu ule ulifika kwenye bomba la moshi la injini, mahali ambapo kifuniko cha kuzuia joto kilikuwa kimevuliwa kwa matengenezo, na hapo hapo ukawaka.

Kengele ikalia. Tangazo likatoka mara tatu, "moto, moto, moto", halafu mahali penyewe: sitaha ya ngapi, chumba gani, upande gani. Injini zikazimwa, mafuta yakakatwa, umeme wa chumba kile ukakatwa, walinzi wakapanda kwa ngazi ya dharura, wakahesabiwa mlangoni, ndipo gesi ya haloni ikamwagwa.

Wengi wanadhani gesi ikishamwagwa kazi imekwisha. Haloni inavunja ule mfululizo wa kikemia unaoendeleza mwako, na inafanya hivyo kwa sekunde chache tu. Lakini haipoozi chuma. Mafuta bado yapo ngamani, chini kabisa ya meli, bomba la moshi bado lina joto la kuyawasha, kilichokosekana ni nafasi tu. Ukifungua mlango mapema, gesi inatoka, hewa inaingia, na mnaanza upya mkiwa hamna haloni tena. Jeshi la majini la Marekani lina kanuni ya kungoja angalau dakika 15 kabla ya kuingia, na sisi tulifundishwa hivyo hivyo. Robo saa ile kila mtu anatamani kufanya kitu, na kamanda mzuri ni yule anayewazuia.

Mimi siku ile sikupangwa kwenye kikosi cha kushambulia. Nilipangwa mpakani.

Moto melini una pande sita: kuta nne, dari na sakafu. Chuma kinapitisha joto bila kumwuliza mtu, kwa hiyo chumba cha jirani kinaweza kuwaka bila mwali kupita popote. Unaanza kuona rangi ya ukuta inabadilika, kisha inafura malengelenge, kisha inafuka moshi. Godoro, makaratasi, nguo, chochote kinachogusa ukuta ule kitawaka chenyewe. Kazi ya watu wa mpakani ni kuondoa kila kinachowaka, kupoza ukuta, na kutoa taarifa. Tulikuwa stoo, sitaha moja juu ya injini, tukihamisha maboksi kwa mikono huku sakafu inatuchoma kupitia soli.

Taarifa zenyewe zilikuwa rahisi. Unarusha maji kidogo ukutani. Yakichuruzika mpaka chini, ukuta ni salama. Yakikauka polepole, una joto. Yakichemka yalipogusa, mwambie mkuu wa kituo sasa hivi. Huko kituoni kuna mtu ana ramani ya meli mezani, anachora kwa penseli ya mafuta kila anachoambiwa kwa simu, na ramani ile ndiyo jicho la meli nzima, maana walio ndani ya moshi hawaoni hata vidole vyao.

Sasa nifike nilipotaka kufika. Nyaya za umeme hupita ukutani kwenye matundu yaliyozibwa. Kwenye ujia mmoja, mbali kidogo na mipaka tuliyopangiwa, tundu moja lilikuwa na ziba mbovu. Kijana mmoja, karani wa stoo, hakuwa amepangiwa mahali pale, alikuwa anapeleka mitungi ya hewa. Akaona uzi mwembamba wa moshi kwenye nyaya. Akasimama, akatoa taarifa, akafungua kizima moto chake, akabaki pale hadi wakaja wenzake. Ala za nyaya zilikuwa zimeanza kuwaka ndani ya ule ujia, na mbele yake kidogo kulikuwa na chumba cha risasi za mizinga. Wale wa nozeli walipongezwa hadharani. Karani yule alirudi kuhesabu blanketi.

Maswali sasa.

---

Pweza Mtulivu

Mzee heshima yako. Nimevuta kiti, shusha nondo taratibu.

---

Msafiri Kafiri

Mkuu nisamehe kama ni swali la kitoto. Meli imekaa juu ya maji, bahari nzima. Si mnavuta tu maji mnamwaga mpaka uzime? Kwa nini meli iungue hadi izame wakati maji yapo bure?

---

Mzee wa Ngama

Msafiri, siyo la kitoto hata kidogo, ndilo lililozamisha meli.

Mpira mmoja wa inchi moja na nusu unatoa zaidi ya lita 350 kwa dakika. Piga hesabu: saa moja ni tani 21, mpira mmoja tu. Weka mipira minne ya kushambulia na ya kupoza mipaka, umeingiza zaidi ya tani 80 kwa saa, na mara nyingi umeziweka sitaha za juu, siyo chini kwenye mkuku ambako uzito unasaidia kutuliza meli. Na maji hayatulii. Beba sinia pana lenye maji utaona: ukiinamisha kidogo, yote yanakimbilia upande ule na kukuvuta zaidi. Meli ikilalia kulia, maji yanaenda kulia, inalala zaidi.

Mfano mkubwa ni Normandie, meli ya abiria ya Ufaransa iliyochukuliwa na Marekani na kupewa jina Lafayette ili igeuzwe kubeba askari. Tarehe 9 Februari 1942, ikiwa gatini New York, cheche za mafundi waliokuwa wanakata chuma ziliangukia marundo ya maboya ya kujiokolea. Zimamoto wa mji na boti zao wakamwaga maji kweli kweli. Moto ulidhibitiwa. Lakini meli ilianza kulala. Aliyeichora, Vladimir Yourkevitch, alifika gatini akashauri valvu za chini zifunguliwe, meli ikae wima kwenye matope, kina kilikuwa kifupi. Hakusikilizwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 ikapinduka ubavu palepale gatini. Moto haukuipindua, maji ya kuuzimia ndiyo yaliyoipindua.

Kwa hiyo kila mpira unaoingiza maji lazima uwe na mtu mwingine nyuma anayeuliza: yanatokea wapi? Watu wa pampu za kutoa maji hawapigwi picha. Siku yetu ile maji yalifika vifundoni kwenye stoo, na ni wao waliotuambia tupunguze kurusha ovyo, tupoze kwa kipimo.

Halafu kuna mvuke. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inakuwa kama lita 1,700. Ndani ya chumba kilichofungwa, ukirusha maji mengi juu ya chuma chekundu, mvuke ule unarudi kwako. Nimeona walioungua ndani ya nguo za kuzuia moto bila mwali kuwagusa.

---

Fundi wa Saketi

Mzee kwa heshima, hayo yalikuwa ya zamani. Meli za sasa zina vihisi vya moshi na joto kila chumba, kamera, valvu zinazojifunga, povu kwa kubonyeza kitufe. Mimi nafunga mifumo hiyo kwenye majengo. Baada ya miaka michache hutahitaji karani wa stoo wala mtu wa mpakani.

---

Mzee wa Ngama

Fundi, mifumo ninaipenda, imeokoa wenzangu. Lakini nikupe moto wa juzi tu.

USS Bonhomme Richard, meli kubwa ya kushusha askari, Julai 12, 2020, ikiwa San Diego kwenye matengenezo. Meli ya kisasa, ipo gatini, mjini, zimamoto wako karibu. Iliungua zaidi ya siku nne, na mwisho ikaamuliwa ikatwe vyuma chakavu. Hakufa mtu, shukrani kwa Mungu. Uchunguzi wa jeshi lenyewe ulikuta vituo vya kuzimia moto 187 kati ya 216 havikuwa tayari kufanya kazi. Na mfumo wa povu wa kubonyeza kitufe uliosema wewe ulikuwepo. Hakuna aliyeubonyeza kwa wakati, na miongoni mwa mabaharia wapo ambao hawakujua kitufe kile kinafanya nini wala kiko wapi.

Meli ikiwa matengenezoni ndipo inapokuwa hatarini zaidi. Milango haifungi kwa sababu nyaya na mipira ya mafundi imepitishwa katikati, mabomba yamefunguliwa, nusu ya mabaharia wako likizo, kila mahali maboksi na matambara, na kuna mtu anachomelea. Sisi tulikuwa na amri kwamba kila anayechomelea ana mwenzake upande wa pili wa ukuta, mkononi ana kizima moto, na haondoki baada ya kazi kwisha mpaka chuma kipoe. Mafundi waliona tunawapotezea muda. Waache waone hivyo.

---

Nahodha Asiye na Meli

Naomba kuongezea. HMS Sheffield, manowari ya Waingereza, vita vya Falklands na Argentina 1982 iliungua kwa sababu ilijengwa kwa aluminiamu, ikayeyuka. Hiyo inajulikana.

---

Mzee wa Ngama

Inasemwa sana, lakini siyo. Sheffield ilikuwa ya chuma, mwili na majengo ya juu. Kombora la Exocet liliipiga tarehe 4 Mei 1982, wakafa watu 20. Kilichoimaliza ni kwamba bomba kuu la maji ya moto lilipasuka palepale lilipopiga, mafuta ya kombora na ya meli yakawaka, na moshi mzito ukajaa katikati ya meli kwa haraka sana hadi walio mbele na walio nyuma wakatengana. Waliishia kurusha maji kwa ndoo na pampu ndogo za kubebeka. Wakaiacha baada ya saa kadhaa, ikazama tarehe 10 ikivutwa.

Mnaona ninachosema? Pale majasiri walijaa. Maji ndiyo yalikosekana. Bomba kuu la manowari linatakiwa ligawanywe kwa valvu ili kipande kilichopasuka kifungwe na vingine viendelee, na anayefunga valvu ile ni mtu wa nyuma ambaye anajua bila kuwasha tochi iko wapi.

Hadithi ya aluminiamu ina ukweli wake, ila ni wa meli nyingine. Novemba 22, 1975, manowari ya Marekani USS Belknap iligongana na meli ya kubeba ndege John F. Kennedy. Mafuta ya ndege yakamwagika juu ya Belknap yakawaka, na majengo yake ya juu, ambayo ni aluminiamu, yakayeyuka na kuporomoka. Aluminiamu inayeyuka nyuzi 660 hivi, moto wa mafuta unapita hapo kwa urahisi. Marekani walipobuni manowari za aina ya Arleigh Burke walirudi kwenye chuma.

Na jambo moja la Falklands ambalo wengi hawalijui: nguo. Mashati na suruali za nyuzi za viwandani ziliyeyuka zikagandana na ngozi za watu. Tangu hapo hakuna aliyetusikia tukilalamikia pamba nzito. Moto wa kombora unapita usoni kwa sekunde moja au mbili, kwa hiyo kofia nyeupe ya kitambaa inayoacha macho tu, glavu ndefu, mikono ya shati ishushwe, miguu ya suruali iingizwe kwenye soksi. Tulionekana vituko. Mikono na uso ndiyo vinavyoungua kwanza, na bila mikono huwezi kupanda ngazi.

---

Serahangi Mstaafu

Mzee wa Ngama, nakuheshimu lakini hapa unawaonea washika nozeli. Mimi nilikuwa meli za mizigo. Sisi mabaharia tulikuwa ishirini na kitu, meli urefu wa mita 200. Moto ukitokea hatukuwa na watu wa mpakani, wa pampu, wa ramani. Waliovaa mitungi ya hewa walikuwa wanne, na hao wanne wakiingia wanaingia wakijua hakuna wa kuwatoa. Nyie wa manowari mko mia mbili, mia tatu, mnaweza kugawana sifa. Kwetu yule wa mbele ndiye kila kitu. Nimemzika mmoja, sitakubali aambiwe sifa zake ni za hadithi.

---

Mzee wa Ngama

Serahangi, pole sana, na kwa huyo uliyemzika sina neno la kupunguza. Sikusema wa mbele si jasiri. Nimesema ujasiri wake unapotea bure akikosa wa nyuma, na maelezo yako yananiunga mkono: nyie mlikuwa hatarini zaidi kwa sababu nyuma hapakuwa na mtu.

Nikupe mfano wa pande zote mbili. USS Forrestal, meli ya kubeba ndege ya Marekani, Julai 29, 1967, ghuba ya Tonkin, vita vya Vietnam. Roketi ilifyatuka yenyewe kutoka kwenye ndege iliyokuwa inangoja kuruka, hitilafu ya umeme, ikapasua tangi la mafuta la ndege nyingine ng'ambo ya sitaha. Mafuta yakatapakaa yakiwaka chini ya ndege zilizobeba mabomu. Kiongozi wa zimamoto wa sitaha, Gerald Farrier, hakusubiri hata nguo za moto. Alikwenda na kizima moto cha unga kulipoza bomu ili vijana wake wapate muda wa kufika na povu. Waliamini wana dakika kadhaa. Lakini baadhi ya mabomu yale yalikuwa ya zamani, ya vilipuzi visivyovumilia joto, na la kwanza lililipuka baada ya dakika moja na nusu hivi. Farrier akafa, na karibu kikosi kizima cha waliofundishwa kikaondoka naye.

Walioshika mipira baada yao walikuwa jasiri vilevile, ila hawakufundishwa kazi ile. Wengine walimwaga povu juu ya mafuta, wengine pembeni yao wakamwaga maji ya bahari juu ya povu lile lile, wakalisafisha. Maji yakasukuma mafuta yanayowaka kwenye matundu ya mabomu, yakashuka sitaha za chini mahali watu wamelala. Walikufa watu 134. Ndiyo asili ya ile amri ya kila baharia kufundishwa moto: ukiwaweka wanaojua mahali pamoja, mlipuko mmoja unawachukua wote.

---

Serahangi Mstaafu

Hapo nimekuelewa. Bado sikubali kichwa cha uzi, lakini nimekuelewa. Na feni uliyoitaja mwanzoni? Kwetu moshi ukizidi, mtu wa kwanza anakimbilia kuwasha feni atoe moshi.

---

Mzee wa Ngama

Na ndiye anayemaliza kazi ya adui. Wajapani walikuwa na meli ya ndege mpya, Taihō, sitaha yake ya chuma kizito, fahari yao. Juni 19, 1944 ilipigwa torpedo moja tu, kombora la chini ya maji, na nyambizi ya Marekani Albacore. Ilikaa sawa, ikaendelea na mwendo. Ila tangi la petroli ya ndege lilikuwa limepasuka na mvuke ukaanza kujaa. Ili kuutoa, ikaamriwa njia za hewa zifunguliwe meli nzima. Mvuke uliokuwa umebanwa sehemu moja ukasambazwa kila chumba. Baada ya saa sita hivi ikapata cheche mahali fulani, ikafumuka. Torpedo moja na feni.

Hewa ni chakula cha moto, na njia za hewa ndizo barabara zake melini. Kwanza unazima feni na kufunga vifuniko vyake. Kutoa moshi kunakuja baadaye, kwa amri ya mtu mmoja anayejua upepo unatoka wapi na moshi utapita vyumba gani.

---

Dada Mdadisi

Shikamoo mzee. Umesema walihesabiwa mlangoni kabla gesi haijamwagwa. Na kama angekosekana mmoja?

---

Mzee wa Ngama

Marahaba binti. Kuna kikosi cha kutafuta kinaingia haraka, na kuna vifaa vidogo vya kupumulia vya kutorokea, vinakupa kama dakika kumi, vimetundikwa njiani. Lakini dakika zinahesabika, na anayetoa amri ana meli nzima mkononi. Wapo makamanda katika vita waliofunga mlango wakijua kuna watu upande wa pili. Siku yetu hesabu ilitimia. Sikuwahi kuwa na cheo cha kutoa amri hiyo, na sikuwahi kukitamani.

---

Pweza Mtulivu

Na gizani mlikuwa mnatembeaje? Mimi umeme ukikatika tu nagonga meza.

---

Mzee wa Ngama

Mazoezi ya kufungwa macho. Unaamshwa kitandani, kitambaa usoni, unaambiwa toka hadi sitaha ya juu. Unajifunza kuhesabu milango, kujua ngazi yako ina vidato vingapi, na kutambua kwa kiganja bawaba ziko upande gani ili ujue mlango unafungukia wapi. Unatambaa, kwa kuwa hewa nzuri iko chini. Mlango uliofungwa unaupima kwa mgongo wa mkono, kamwe siyo kiganja. Kiganja kikiungua hushiki kitu tena.

Moshi ndio unaoua wengi, hata kabla mwali haujawafikia. Gesi ya kaboni monoksidi inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haina harufu. Mtu anaanza kucheka, au anakaa chini "apumzike kidogo". Ukiona mwenzako kakaa chini, mburute nje, mtagombana baadaye. Kamera za joto zilipokuja zilirahisisha mno kazi: zinakuonyesha kiini cha moto kupitia moshi, na zinakuonyesha mtu aliyeanguka. Ila betri inaisha, na hapo unarudi kwenye kuhesabu milango.

---

Fundi wa Saketi

Povu mlilotumia ni lile ambalo siku hizi linasemwa lina sumu?

---

Mzee wa Ngama

Ndilo. Lile la kutandaza utando juu ya mafuta lina kemikali za florini ambazo haziozi, zinakaa kwenye maji na kwenye miili, na majeshi mengi na viwanja vya ndege wameanza kuliacha. Tuliliogea. Kwa kuzima petroli sikuona mfano wake, nalo nalilaumu vilevile.

---

Msafiri Kafiri

La mwisho mzee. Mnajuaje umezima kabisa? Maana umesema unarudi.

---

Mzee wa Ngama

Mwali ukipotea ndipo inaanza kazi chafu. Kikosi kinaingia, kinafukua kila kilichoungua, kinapasua magodoro, kinafungua vifuniko vya nyaya, kinatafuta kaa lililojificha. Kisha anabaki mlinzi na mpira uliojaa maji, anakodolea macho masizi kwa saa nyingi. Kazi ya kuchosha kuliko zote, na wanapewa vijana wadogo wasiojua kulalamika.

Baada ya moshi kutolewa, hewa inapimwa. Oksijeni kwanza, kwa sababu kipima gesi za kulipuka huwa hakisomi vizuri mahali ambapo oksijeni ni pungufu. Kitakuambia ni salama kumbe si salama. Ikipita asilimia 19.5 ndipo unapima za kulipuka, mwisho za sumu. Mpaka vipimo vyote vikubali hakuna anayevua kinyago, hata afisa. Siku yetu alikuwepo afisa mmoja aliyetaka kuvua mapema apige picha na kikosi. Mpima gesi, kijana wa cheo cha chini kabisa, alimwambia, "Afande, bado sijamaliza," akaendelea kupima. Afande akarudisha kinyago.